Mutwanga chini ya theluji ya Ruwenzori: maji yake yanatoka wapi?

Kwa mkaaji wa Goma, mlima ni Nyiragongo: moto juu, mawe meusi chini. Lakini kaskazini mwa jimbo hilihili la Kivu ya Kaskazini iko mlima wa namna nyingine kabisa, wenye barafu kichwani. Chini yake iko Mutwanga, mji mdogo ulio makao makuu ya sekta ya Ruwenzori, wilaya ya Beni. Kutoka Beni ni karibu kilomita 45, mtu akifuata barabara ya Kasindi.

Ruwenzori si volkano. Ni mwamba mkubwa sana uliosukumwa juu wakati ardhi ya hapa ilipopasuka na kufanya bonde la mto Semliki. Kilele chake kirefu, Margherita, kina mita 5,109. Mpaka wa Kongo na Uganda unapita palepale. Ndiyo sehemu ya juu kuliko zote katika Kongo, na ni ya tatu katika Afrika, baada ya Kilimanjaro na mlima Kenya.

Mutwanga yenyewe iko kwenye mita 1,200 hivi. Kunalimwa kahawa, kakao, ndizi na mihogo, na michikichi inatoa mawese. Sasa inawezekanaje theluji ikae juu ya shamba la ndizi, karibu na ikweta? Hesabu si ngumu. Mtu akipanda mita 1,000, joto linapungua kama digrii 6. Kutoka Mutwanga mpaka kilele ni karibu mita 3,900, maana yake digrii 23 hivi zinapotea njiani. Kama chini kuna digrii 24, juu maji yanakaribia kuganda.

Jina Margherita lilitoka mbali. Mwaka wa 1889, msafara wa Stanley ulipita bonde la Semliki, na mwenzake Stairs akajaribu kupanda mlima, lakini hakufika kwenye theluji. Mwezi wa sita 1906, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, alifika kileleni akitokea upande wa Uganda. Alikipa kilele jina la malkia Margherita wa Italia. Waliomwongoza kwenye barafu walitoka Courmayeur, mji mdogo wa Italia chini ya mlima Mont Blanc. Ajabu ni kwamba Courmayeur pia iko kwenye mita 1,200 na kidogo, sawa na Mutwanga. Lakini kule, mbali na ikweta, theluji inaanguka mpaka kwenye paa za nyumba, na watalii wanaoifuata wanaleta pesa nyingi.

Lakini wenyeji walikuwa na maneno yao kwa mlima huu zamani sana. Banande wa Beni na Bakonzo wa Uganda ni ndugu wa lugha moja, na kwa wazee wao theluji ni makao ya Kitasamba, mwenye mlima. Huko si mahali pa kwenda hovyo.

Upande wa Kongo, msafara wa Wabelgiji wakiongozwa na Xavier de Grunne ulichunguza mlima mwaka wa 1932. Leo njia ya kupanda inaanzia Mutsora, kituo cha hifadhi ya Virunga kilicho palepale Mutwanga. Inapita kwenye vibanda vya Kalonge, Mahangu na Kiondo. Hifadhi hiyo ilianzishwa 1925 kwenye volkano za kusini, baadaye ikapanuliwa mpaka Ruwenzori, na mwaka wa 1979 UNESCO ikaiweka katika urithi wa dunia.

Kitu kingine kinachojulisha Mutwanga ni umeme. Mwaka wa 2013 hifadhi ilifungua kituo kidogo cha umeme wa maji, chenye kilowati 400 hivi. Kingine chenye nguvu zaidi kikafuata. Umeme huo ulileta kiwanda cha sabuni kinachotumia mawese ya wakulima, na kakao ya hapo ikaanza kutengenezwa chokoleti.

Hapo ndipo swali linaingia. Barafu ya Ruwenzori inayeyuka. Mwaka wa 1906 ilifunika zaidi ya kilomita za mraba 6. Karibu miaka mia baadaye ilibaki kama 1 tu. Wengi wanajiuliza: barafu ikiisha, mito nayo itakauka?

Jibu linashangaza. Watafiti waliopima mto Mubuku, upande wa Uganda, waliona kwamba maji ya barafu hayafiki hata 2 kwa 100 ya maji yanayopita chini ya mlima. Karibu yote ni mvua. Mvua hiyo inashikwa na msitu, majani mengi na udongo wa maji wa huko juu, kisha inaachiliwa polepole. Bila msitu, mvua ileile inateremka kwa siku moja na kubeba mashamba, halafu wakati wa jua mto unabaki mdogo.

Basi anayekata miti ya mlimani ili kuchoma makala anagusa mashine ya sabuni na taa ya jirani yake.

Lakini kulinda msitu kunataka usalama. Tangu miaka ya 2020 na 2021, waasi wa ADF wameshambulia mara nyingi vijiji vya sekta ya Ruwenzori. Watu waliuawa, wengine wakakimbia na kuacha kakao ikioza mashambani. Mkulima aliyehama hawezi kuchunga mto, na mlinzi wa hifadhi hawezi kufika kila bonde. Barafu, Mutwanga peke yake haiwezi kuizuia isiyeyuke. Msitu unaoshika mvua, bado upo.