Mwenzetu Asiyeweza Kumeza

Mfanyakazi akiona ugali unamkwama kifuani, huusukuma kwa maji akanyamaza. Baada ya muda ugali humshinda, akahamia uji. Mwisho hata uji humrudi. Mara nyingi hivyo ndivyo ianzavyo saratani ya umio, ambayo imeota mizizi katika ukanda utokao Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini.

Watu huupima ugonjwa huu kwa kilo zilizopungua. Sisi twaona iko hasara isiyopimika kwa mizani. Mgonjwa hupaliwa mbele za watu, akaona haya, akaanza kula peke yake. Harusini haendi. Wenzake kazini wakikaa kula mchana, yeye husema ameshiba. Nao humdhania ana kiburi, kwani kwetu asiyekula na watu huhesabiwa hivyo.

Madaktari waweza kupitisha ndani ya umio kibomba cha waya kinachojitanua, na baada ya siku chache mtu akameza tena. Saratani haiondoki, lakini mtu hurudi kwenye sinia. Wako wasemao kuwa kwa asiyepona hiyo ni gharama ya bure. Hatukubaliani nao hata kidogo.