Nirushie hiyo: Albamu zinavyopita mkono kwa mkono Shinyanga na Geita

Anayetaka kujua watu wa Geita wanasikiliza nini asihangaike na chati za Dar es Salaam. Aende Katoro jioni, atafute kibanda chenye kompyuta mpakato, waya zilizosokotana na sabufa iliyoelekezwa barabarani. Hapo ndipo wachimbaji hujaza kadi zao za memori kabla ya kurudi porini. Mteja haji na orodha. Anasema tu, "Niwekee zile ulizompa jamaa yangu jana," na fundi anaelewa.

Ukichungulia kioo cha kompyuta hiyo utaona mafolda yenye majina ya herufi kubwa: KISUKUMA MPYA, KWAYA AIC, ZILIPENDWA, RHUMBA, SINGELI. Kila folda ni ushauri tayari. Fundi ameshapanga kipi kikae juu na kipi kizikwe chini, kwa kufuata maneno ya wateja waliorudi kumwambia kwamba ule wa tatu ni moto, ule wa nne uondoe. Hajawahi kuandika uhakiki hata mmoja maishani mwake, lakini ladha ya muziki ya maelfu ya watu inapitia kwenye vidole vyake.

Hali ni hiyohiyo Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu mkoani Geita, na ukivuka mpaka wa mkoa utaikuta Kahama na Mwakitolyo. Ukanda huu wa dhahabu umekusanya watu kutoka kila upande. Msukuma yuko kwao, lakini pembeni yake kuna Mhaya aliyetoka Kagera, Mkurya wa Mara, Muha wa Kigoma na Mnyamwezi wa Tabora. Kila mmoja amekuja na kadi yake. Chini ya turubai, mdomoni mwa duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, wakati wa kusubiri zamu, redio ndogo yenye tundu la memori hutundikwa kwenye mti na kadi hubadilishwa moja baada ya nyingine. Anayesikia kitu kilichomnogea haulizi kinapatikana wapi. Anasema, "Nirushie hiyo," simu mbili zinakaribishwa, na wimbo umehama kambi.

Umati ndio mwamuzi

Kusifu muziki hadharani ni jambo la zamani Usukumani, kabla simu haijafikiriwa. Wazee wanavikumbuka vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilivyoanzishwa karne ya 19 na waganga wawili waliokuwa wapinzani, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, pande hizo mbili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila upande na mwimbaji wake, ngoma zake, dawa zake na vituko vyake. Mtazamaji husimama anapopenda. Akiona upande wa pili umenoga zaidi, anahama. Upande uliovuta umati mkubwa ndio ulioshinda.

Mashindano hayo yapo hadi leo. Kila mwaka, baada ya sikukuu ya Ekaristi Takatifu, watu hukusanyika Bujora, karibu na Kisesa mkoani Mwanza, kwa sherehe ya Bulabo. Hapo ndipo ilipo Makumbusho ya Wasukuma iliyoanzishwa na padri David Clement. Aliyekulia katika desturi hiyo anajua kwamba kupenda muziki ni kuhama na miguu yako, watu wakikuona. Sabufa mbili zilizoelekezwa barabara moja pale Katoro zinaendeleza mchezo uleule.

Kutoka garimoshi hadi kadi

Muziki wa kutoka mbali ulifika huku kwa njia nyingine. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipita Shinyanga, na Tabora ikaja kuwa mji wa dansi: Kiko Kids, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz ya Shem Karenga iliyotamba na "Dada Asha". Bendi hizo na nyingine nyingi zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, na kwa miaka mingi redio hiyo moja ndiyo iliyokuwa duka, maktaba na mshauri wa wapenzi wa muziki nchi nzima. Aliyetaka wimbo abaki nao aliweka kanda tupu kwenye redio kaseti na kusubiri utangazwe, kidole kikiwa juu ya kitufe.

Redio binafsi zilipoanza katika miaka ya 1990, ikiwemo Radio Free Africa ya Mwanza, vipindi vya salamu vilishika kasi. Msikilizaji alinunua kadi ya salamu, akaandika majina ya jamaa zake wa Maganzo, Tinde na Kahama, kisha akachagua wimbo wa kuwapelekea. Ulikuwa upendekezaji wenye anwani kamili: huu ni wa fulani, kwa sababu ninamjua na ninajua utamgusa.

Kanda ilikuwa na upande A na upande B, na ilimlazimisha mtu asikilize albamu kwa mpangilio wake. CD nayo ilikuwa na kasha lenye picha, majina ya nyimbo na jina la aliyetengeneza. Kadi ya memori imekuja na nafasi kubwa na bei ndogo, lakini haina kasha. Na hapo ndipo tatizo linapoanzia, kama tutakavyoona.

Kwaya na mwenye harusi

Kuna sehemu mbili katika mikoa hii ambako kazi ya msanii bado inatembea ikiwa na jina lake.

Ya kwanza ni kanisani. Wamisionari wa Africa Inland Mission waliingia Usukumani zaidi ya karne moja iliyopita, na kanisa walilolianzisha, Africa Inland Church (AIC), limeota mizizi Shinyanga, Mwanza na Geita kuliko karibu mahali pengine popote nchini. Kwaya zake, kama AIC Shinyanga na AIC Makongoro ya Mwanza, zinasikika mbali nje ya kanda hii. Kwaya haitoi wimbo mmoja mmoja na kungoja. Inafanya mazoezi jioni baada ya jioni, inaimba Jumapili ili kupima waumini wanapokeaje, kisha inaingia studio na kutoka na albamu kamili. Siku ya uzinduzi kuna mgeni rasmi, kuna kwaya mwalikwa kutoka wilaya nyingine, na nakala ya kwanza hununuliwa kwa bei ya harambee. Kwaya mwalikwa inarudi kwao na albamu ya mwenyeji, na mwenyeji anabaki na ya mgeni. Jumatatu majirani wote wanaijua. Mtu anayekwambia "sikiliza wimbo wa tano" ameimba sauti ya pili katika wimbo huo, au dada yake ameimba.

Ya pili ni muziki wa Kisukuma wa siku hizi, wa kina Bhudagala, Nelemi Mbasando, Limbu Luchagula na Gude Gude. Kinanda cha umeme na ngoma za kompyuta vimeingia, lakini ule mtindo wa mwimbaji kutaja watu kwa majina umebaki. Nyimbo nyingi huimbwa kwa ajili ya mtu na shughuli yake: harusi ya fulani, mji wa fulani, ng'ombe wa fulani. Ndiyo maana ukiifungua ile folda ya KISUKUMA MPYA unakuta jina la faili refu: mwimbaji, kisha "Harusi kwa" na jina la mwenye shughuli, kisha studio. Mwenye harusi aliyetajwa hahitaji kuombwa autangaze wimbo. Atauweka kwenye simu ya kila mjomba na kila shangazi, na shangazi ataupeleka gulioni. Msanii amepata msambazaji anayejivunia kazi hiyo kuliko kampuni yoyote.

Uzito wa nyimbo za Kisukuma umewavuta hata wasomi wa mbali. Mwaka 2010 Mmarekani Frank Gunderson alichapisha kitabu kinene cha nyimbo za kazi za Wasukuma, za wakulima, wapagazi, wawinda tembo na wacheza nyoka, kila wimbo na maelezo yake. Kilichofanya kazi yake iwezekane ni kwamba waimbaji na watu wao walikuwa bado wanakumbuka nani alitunga nini.

Kinachopotea njiani

Kwingineko kumbukumbu hiyo inakatika. Wimbo ukishapita kadi ya tatu, jina lake linageuka kuwa "Track 03". Albamu ya nyimbo kumi inabaki na mbili zilizopendwa, na nane zilizobeba hadithi nzima zinafutwa ili kupisha filamu. Anayeusifu wimbo huo hajui ni wa nani, kwa hiyo hawezi kumtafuta msanii wala kumlipa.

Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ndiyo iliyoizaa COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki. Mwaka 2013 Serikali ilianzisha stempu za kodi kwa CD na DVD za muziki na filamu, ili nakala halali itambulike dukani. Lakini stempu hubandikwa kwenye kasha, na kadi ya memori haina kasha. Fundi wa Katoro hajioni mwizi. Anaona anauza umeme, muda na ujuzi wake wa kuchagua. Msanii naye haoni hata shilingi.

Wapo waliowahi kulitafutia jambo hili ufumbuzi kwa njia ya kistaarabu. Mmarekani Christopher Kirkley alikusanya nyimbo zilizokuwa zikizunguka kwenye simu za watu wa Kidal, kaskazini mwa Mali. Hakuishia kuzifurahia. Aliwasaka waimbaji wenyewe, wengi wao wakiwa hawana habari kwamba nyimbo zao zimefika huko, kisha akatoa albamu iitwayo Music from Saharan Cellphones na kugawana nao mapato. Kidal ni jangwa na Katoro ni mji wa dhahabu, lakini kadi ni ileile. Redio za Shinyanga, Kahama na Geita zingeweza kufanya kama yeye: kukaa na mafundi hawa, kuuliza nyimbo gani zimeombwa sana wiki hii, kumtafuta mwimbaji na kumtaja hewani kwa jina lake.

Na mimi nipendekeze

Makala ya namna hii haiwezi kuisha bila mwandishi kuweka kadi yake mezani. Albamu ya kwanza ni Maria Salome ya Saida Karoli, ya mwaka 2001. Huku Usukumani wengi hawakujua Kihaya, lakini waliimba naye mwanzo hadi mwisho, ushahidi kwamba ngoma ikikolea lugha hufuata baadaye. Ya pili ni Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Super Matimila, iliyotolewa na Real World ya Uingereza mwaka 1989. Isikilize nzima usikie magitaa yanavyojibizana na Remmy anavyomtetea mnyonge bila kumwonea huruma. Ya tatu ni Propaganda ya Fid Q, kijana wa Mwanza, ya mwaka 2009, kwa wanaodhani Kiswahili cha mjini hakina kina.

Tatu zinatosha kwa wikiendi moja. Ukimpelekea mtu albamu, mpe nzima. Andika jina la msanii kwenye faili, hata kama unachapa kwa kidole kimoja. Na ukikuta kwaya inauza nakala mlangoni mwa kanisa, au mwimbaji wa Kisukuma ameacha namba yake ya simu kwenye jina la wimbo, toa fedha mfukoni ununue. Sifa ni nzuri, lakini msanii hawezi kulipia studio kwa sifa.