Kipimo cha oksijeni kikigoma, mafuta huishia dohani

Wenye viwanda vyenye boila hufuatilia bei ya mafuta kila wiki, lakini ni wachache wanaotazama kipimo cha oksijeni kilichofungwa dohani. Seli yake ya zirkonia hufanya kazi ikiwa na joto la nyuzi 700 hivi. Hita ikikatika, kioo huonyesha namba ya hitilafu na boila hulishwa hewa kwa kubahatisha. Hewa ikizidi, joto lililolipiwa hutoka na moshi.

Hasara nyingine ni kukimbilia kuagiza seli mpya. Fundi mzoefu huanza na fyuzi, nyaya za hita na themokapo, kisha hupitisha hewa safi. Isiposomeka karibu asilimia 20.9, ndipo seli hushukiwa.

Gasketi iliyopasuka ni mbaya zaidi: huingiza hewa, oksijeni husomeka juu, na huenda namba yoyote isitokee.