Mwenye Ulemavu Ana Haki ya Kuomba Utaratibu Unaomfaa Ofisini

Mkazi anayetumia kiti mwendo anapofika katika ofisi ya umma na kukuta huduma anayoihitaji inatolewa ghorofani, mara nyingi hurudi nyumbani bila kuhudumiwa. Wengine humtuma jamaa, na hivyo siri za maradhi, ardhi au mirathi yao huishia mikononi mwa mtu mwingine. Sheria haikukusudia hali hiyo.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010. Kwa mujibu wa mkataba huo, kumnyima mtu mwenye ulemavu marekebisho yanayowezekana, yasiyoielemea taasisi kupita kiasi, ni ubaguzi. Kwa hiyo, anayeomba marekebisho hayo haombi fadhila.

Marekebisho mengi hayahitaji fedha nyingi. Afisa anaweza kushuka na kumhudumia mwananchi ukumbini. Fomu inaweza kusomwa kwa sauti mbele ya asiyeona, au kuchapishwa kwa maandishi makubwa. Mwenye ualbino anaweza kupangiwa kusubiri kivulini, na asiyeweza kusimama kwa muda mrefu akapewa kiti na kuhudumiwa mapema.

Mengine huhitaji maandalizi. Kwa mfano, mkazi wa Katonga asiyesikia anaitwa mbele ya Baraza la Kata kwa usuluhishi wa mpaka wa kiwanja. Akifika bila mkalimani wa lugha ya alama, anaweza kukubali asichokielewa na kupoteza sehemu ya ardhi yake. Mwanawe akimtafsiria, huenda naye ana maslahi katika kiwanja hicho. Njia salama ni kuomba mkalimani mara tu wito unapopokelewa, na kuomba shauri liahirishwe endapo mkalimani hajapatikana.

Ombi liwasilishwe mapema kwa Mtendaji wa Mtaa, Mtendaji wa Kata au mkuu wa ofisi husika. Barua fupi inatosha. Ieleze mambo manne: jina la mwombaji, huduma anayoifuata, kikwazo kinachomkabili, na marekebisho anayoyahitaji. Si lazima kusimulia historia yote ya maradhi. Jambo la msingi ni kikwazo na namna ya kukiondoa. Asiyeweza kuandika aeleze kwa mdomo na kumwomba afisa aandike, kisha asomewe kilichoandikwa kabla ya kuweka sahihi au dole gumba. Mwombaji abaki na nakala yenye tarehe na mhuri wa mapokezi.

Ombi likikataliwa, mwombaji aombe sababu kwa maandishi. Anaweza kumwona Afisa Ustawi wa Jamii au kamati ya watu wenye ulemavu, kisha kumwandikia Mkurugenzi wa Halmashauri. Asiporidhika, anaweza kupeleka malalamiko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Katika hatua zote hizo, nakala yenye mhuri ndiyo ushahidi wake wa kwanza.

Familia na majirani wanaombwa kuwasaidia wahusika kuandika maombi yao, bila kuwasemea wala kuwaamulia.