Chai ya Nyanda za Juu na Uvimbe wa Mwili

Majani ya chai ya Mufindi, Iringa, na Rungwe, Mbeya, yana katekini. Yakichachushwa kiwandani, baadhi yake hugeuka theaflavini. Bakteria wavamiapo mwili, vipokezi vya seli za kinga huwatambua na kuchochea utengenezaji wa kimeng'enya cha COX-2, kizalishacho prostaglandini ziletazo homa, uvimbe na maumivu. Maabarani, theaflavini hupunguza kimeng'enya hicho. Kikombe cha chai, hata hivyo, si dozi. Tena, baadhi ya prostaglandini hulinda utando wa tumbo. Diklofenaki hukandamiza hata hizo, hivyo tumbo huweza kuvuja damu. Mgonjwa atajaye chai ya dawa aulizwe pia vidonge anywavyo, na kama kinyesi chake kimekuwa cheusi kama lami, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.