Onyo Linalofika Mwezi wa Nne

Katika kliniki nyingi za mama na mtoto hapa Tanzania, mjamzito huonywa kuhusu pombe na sigara siku anapohudhuria kwa mara ya kwanza. Anapimwa uzito, presha na wingi wa damu, anapimwa kaswende na virusi vya Ukimwi, anapewa vidonge vya kuongeza damu, kisha nesi anamwambia: usinywe pombe, usivute sigara. Ushauri ni sahihi, ila umechelewa. Wanawake wengi hufika kliniki mimba ikiwa na miezi minne, wengine mitano, na kwa upande wa pombe baadhi ya madhara yasiyorekebishika huwa yameshatokea.

Wiki ya tatu tangu mimba kutungwa, chembe zitakazokuwa uso, ubongo na moyo zinaanza kujipanga. Ikifika wiki ya nane, viungo vikuu karibu vyote vimeshapata umbo. Katika wiki ile ya tatu mwanamke amekosa siku zake mara moja, pengine hata hajazikosa, na uchovu alio nao anadhani ni malaria. Jumamosi kuna harusi kwa jirani, anakunywa kama alivyozoea. Hakuna aliyemwonya, kwa kuwa hakuna anayejua, yeye mwenyewe akiwemo.

Kondo la nyuma haliichuji pombe. Kiwango kilichomo katika damu ya mama huwa karibu sawa na kilichomo katika damu ya mtoto, lakini mama ana ini la kuivunja, na ini la mtoto bado ni changa mno kwa kazi hiyo. Mimba ikishakua, pombe hubaki pia katika maji ya uzazi, ambayo mtoto huyameza mara kwa mara. Mama anaweza kuwa ameshalevuka wakati aliye tumboni bado yumo ndani ya kilevi.

Nisingependa mtu yeyote amlaumu bibi yake kwa kutoyajua haya, maana hata madaktari hawakuyajua. Mwaka 1967 Fritz Fuchs wa New York aliandika kuhusu kuzuia uchungu wa mapema kwa kumtundikia mjamzito dripu ya pombe, na njia hiyo ikatumika hospitalini kwa miaka kadhaa. Mwaka uliofuata Paul Lemoine, daktari wa watoto wa Nantes, Ufaransa, alieleza habari za watoto 127 wa wazazi walevi waliofanana kwa sura na kwa kudumaa, na wenzake hawakumjali. Ilibidi mwaka 1973 ufike ndipo Kenneth Lyons Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, walipochapisha taarifa za watoto wanane wa namna hiyo katika jarida la Lancet, na dunia ya tiba ikaanza kusikia.

Kichanga aliyeathirika vibaya huzaliwa na uzito mdogo na kichwa kidogo. Anaweza kutetemeka, kunyonya kwa shida na kulia bila kutulizika. Macho yake yana mpasuo mfupi, mdomo wa juu ni mwembamba, na ule mfereji ulio kati ya pua na mdomo umesawazika. Hao ndio wanaotambulika kwa kuwatazama. Walio wengi hawana sura hiyo kabisa. Wanaonekana wazima mpaka wanapoingia darasa la kwanza. Hapo mwalimu anamwona mtoto aliyehesabu jana hadi ishirini akikwama leo kwenye saba. Akiagizwa mambo matatu, analifanya la kwanza, mengine mawili yanampotea. Anaadhibiwa kwa kosa, na kesho yake analirudia, kwa sababu kilichoumia ni ile sehemu ya akili inayounganisha tendo na matokeo yake. Anaitwa mkaidi. Inaniumiza kufikiria ni watoto wangapi wamechapwa kwa jeraha walilolipata kabla ya kuzaliwa.

Mahali palipochunguzwa sana ni Western Cape, Afrika Kusini. Kwa vizazi kadhaa vibarua wa mashamba ya mizabibu walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, vikombe kadhaa kwa siku, kwa utaratibu ulioitwa dop. Sheria iliukataza katika miaka ya 1960, lakini baadhi ya mashamba yaliendelea nao hadi miaka ya 1990. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1997 katika jamii moja ya jimbo hilo ulikuta watoto zaidi ya 40 katika kila 1,000 wa darasa la kwanza wana dalili kamili za madhara ya pombe ya tumboni. Wengi wa mama zao walikulia katika nyumba ambazo kilevi kilikuwa sehemu ya mshahara. Aliyewazoesha alikuwa mwajiri, na anayesema kosa ni la mama peke yake anaifuta historia hiyo yote.

Kutoka huko huko Afrika Kusini kuna habari ya matumaini. Katika jimbo jirani la Northern Cape, elimu ilitolewa kwa mji mzima badala ya kusubiri wajawazito wafike kliniki, na watafiti waliwalinganisha watoto waliozaliwa kabla na baada ya kampeni hiyo. Walioathirika walipungua kutoka karibu asilimia 9 hadi chini ya asilimia 6. Bado ni wengi mno, lakini hesabu hiyo inaonyesha kwamba neno likimfikia msichana kabla hajashika mimba, na likamfikia mwanamume anayemnunulia kinywaji, linafanya kazi.

Huku kwetu neno hilo lina vikwazo vyake. Chupa ya bia inaweza kubandikwa onyo. Kata ya mbege au kopo la komoni halina pa kubandika, wala hakuna ajuaye ukali wake, kwa sababu kila mpishi ana mkono wake. Gongo ni kali kuliko zote na haina kipimo. Kisha wapo wanaosema kwa nia njema kabisa kwamba pombe ya kienyeji ni chakula, inaongeza damu na maziwa. Haiongezi damu, na maziwa huyapunguza. Hakuna kiasi cha pombe yoyote ambacho wataalamu wamethibitisha kuwa ni salama kwa mjamzito.

Kwa upande wa tumbaku, onyo la mwezi wa nne bado lina faida kubwa. Moshi wa sigara huleta hewa ya kaboni monoksidi, inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, huku nikotini ikibana mishipa inayompelekea mtoto chakula. Mtoto hupungua gramu 200 hivi kwa wastani. Hatari ya kuzaliwa njiti, ya kondo kubanduka kabla ya wakati, ya kuzaliwa mfu, na ya kichanga kufa ghafla usingizini zote hupanda. Lakini mama akiacha leo, kaboni monoksidi huisha mwilini kwa siku moja au mbili, na walioacha kabla ya wiki ya 15 wameonekana kuzaa watoto wenye afya inayokaribiana na ya watoto wa wasiovuta.

Wanawake wanaovuta nchini ni wachache, na ndiyo maana nesi hulipita swali la sigara haraka. Angeuliza pia nani anavuta humo chumbani mnamolala, na kama mama ananusa au kubwia ugoro. Na angekuwa Urambo au Kaliua, mkoani Tabora kunakolimwa tumbaku, angeuliza habari za shamba. Katika msimu wa tumbaku, wanawake huchuma majani, huyafunga na kuyapeleka mabanini, mara nyingi asubuhi na umande. Nikotini ya jani bichi lililolowa hupenya kwenye ngozi, na mtu hupata kichefuchefu, kizunguzungu na kutapika. Mjamzito akiona hivyo anasema ni mimba, na wakwe wanasema ni mimba, kesho anarudi shambani. Hajawahi kugusa sigara maishani mwake.

Kuna jambo moja ambalo kila mhudumu anapaswa kuliuliza kwa upole: mama anakunywa kiasi gani kwa kweli. Aliyezoea kunywa kila siku kwa miaka asiambiwe aache ghafla akiwa nyumbani, kwani anaweza kupata degedege litakalomhatarisha yeye na mtoto; huyo anahitaji kuachishwa chini ya uangalizi wa hospitali. Akikaripiwa, atadanganya, au hatarudi.

Na mumewe yupo pale pale. Kliniki zetu zimekuwa zikiwaita wanaume waje na wenza wao hudhurio la kwanza, wapimwe pamoja virusi vya Ukimwi, na wanaume wengi wameitikia. Wakati wanasubiri majibu, dakika kumi zinatosha kumweleza mume asivutie ndani, asimpeleke mkewe kwenye majani mabichi, na kwamba mimba inayofuata huanza kulindwa mwezi wanapoamua kuitafuta, siku ile ile anapoacha kumletea chupa.