Mtungi Mdogo wa Nguvu

Sokoni Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu, mchukuzi hunyanyua mfuko wa viazi kutoka chini hadi begani kwa muda wa sekunde tatu au nne tu. Katika muda huo hana hata nafasi ya kuvuta pumzi. Walio wengi huibana. Mfuko wa kwanza hupanda kama pamba. Wa tano, ikiwa imefuatana bila nafasi, humtetemesha magoti, ingawa asubuhi alikula akashiba na nguvu za chakula kile bado zimo mwilini tele. Je, nguvu ya mfuko wa kwanza ilitoka wapi, na ya mfuko wa tano imekwenda wapi?

Swali hili si la wachukuzi peke yao. Lamhusu askari asukumaye gari lililokwama matopeni, polisi akimbiaye hatua hamsini kumfuata mwizi, na mama ajitwikaye ndoo ya maji.

Chakula hakiusukumi msuli moja kwa moja. Hapana budi kwanza kizalishe kemikali iitwayo adenosini trifosfati, ambayo Karl Lohmann wa Ujerumani aliigundua mwaka 1929. Hiyo ndiyo sarafu ambayo msuli huipokea, na akiba yake ni ndogo mno: mtu akitumia nguvu zake zote, ingekwisha kwa sekunde mbili tatu kama isingejazwa upya. Wa kwanza kuijaza ni fosfokreatini, iliyogunduliwa mwaka 1927. Hiyo hufanya kazi papo hapo bila kungoja hewa, lakini katika kazi ya kufa na kupona haidumu zaidi ya sekunde kumi hivi. Kisha kuna sukari iliyohifadhiwa msulini, ambayo nayo huweza kuvunjwa bila hewa. Mwisho kuna oksijeni, ambayo huja polepole lakini hudumu kwa saa nyingi.

Mwitalia Rodolfo Margaria, katika kitabu chake cha mwaka 1976, aliieleza habari hii kwa mfano wa vyombo vya maji vilivyounganishwa kwa mabomba. Mwaka 1986 R. H. Morton akaugeuza mfano huo kuwa hesabu kamili. Wakazi wa Gisenyi wanaweza kuuona kwa urahisi, maana ziwa liko mlangoni mwao. Tuseme ufukoni mwa Ziwa Kivu pamewekwa mtungi mdogo wenye bomba pana chini yake. Maji yatokayo ndiyo kazi, na mtungi ndio fosfokreatini. Ziwa ndilo oksijeni: halikauki, lakini limeunganishwa na mtungi kwa mpira mwembamba. Kando yake pana pipa la sukari, ambalo humimina maji yake mtungi mdogo unaposhuka sana, na kulijaza tena pipa hilo ni kazi ndefu. Bomba likifunguliwa lote, mtungi hushuka ghafula, na ziwa lote lile haliwezi kuuokoa. Likifungwa, mpira mwembamba huanza kuujaza taratibu.

Mfano huu una kasoro yake, kwani msulini sukari haingoji sana. Huanza kuvunjwa tangu sekunde za kwanza. Lakini juu ya kujaza haukukosea. Sindano ambayo Jonas Bergström wa Sweden aliieleza mwaka 1962 iliwezesha kuchukua vipande vidogo vya msuli wa mtu aliye hai na kuvipima. Ilionekana kwamba baada ya kazi kali, nusu ya fosfokreatini hurudi kwa nusu dakika hivi, na karibu yote kwa dakika tatu hadi tano.

Gisenyi kuna jambo moja zaidi. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kani ya hewa yake imepungua kama asilimia 15 kuliko pwani. Kuruta atokaye pwani hatauona upungufu huo katika mnyanyuo wa kwanza, kwa kuwa hautumii hewa. Atauona katika mapumziko. Mkufunzi ampaye dakika moja kisha akamwita mvivu hakumpima uvivu. Amepima mtungi ambao haujajaa.

Kwa mchukuzi alipwaye kwa kila mfuko, dakika tatu za kukaa ni fedha, na dereva wa lori anapiga honi. Lakini mfuko wa tano ndio unaoteleza, na ndio unaoumiza mgongo. Wachukuzi wanaofanya kazi watatu watatu, mmoja akinyanyua na wawili wakipumua, humpa kila mmoja nafasi ya kujaza mtungi wake, na lori halisimami bure.